MEZA YA KARANI: Ombi Lisilojibiwa

Alizeti zimekwisha kupigwa, magunia yamefungwa, na sasa watu wapata nafasi ya kukumbuka mambo yao ya karatasi. Kila mwaka huwa hivi. Wakati wa kulima hafiki mtu ofisini kwetu ila mwenye ndoa au mwenye msiba. Baada ya mavuno benchi la nje hujaa, na kila mmoja ana bahasha ya kaki iliyochakaa pembe zote nne.

Juma hili nataka tuzungumze habari za bahasha hizo. Sisemi juu ya anayeomba cheti kwa mara ya kwanza. Huyo nilikwisha kumwandikia. Nasema juu ya mtu aliyeomba mafao yake au msaada aliowekewa na sheria, akanyimwa au akapunjwa, akalalamika kama inavyompasa, akaambiwa angoje, na hata leo angali anangoja.

Kwanza tuelewane maana ya neno rufaa. Wengi wetu tukisikia rufaa twafikiri ni mambo ya wezi na mahakimu. Sivyo. Katiba yetu, ibara ya 13, fungu la 6(a), yasema ya kwamba haki za mtu zinapoamuliwa na mahakama au na chombo kingine chochote, mtu huyo ana haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu, na ana haki ya kukata rufaa au kupata nafuu nyingine ya kisheria. Angalia hayo maneno “chombo kingine”. Mfuko wa mafao ni chombo. Halmashauri ni chombo. Kamati ya kijiji inayokaa chini ya mti na kuamua kwamba wewe si maskini wa kutosha, nayo pia inaamua haki ya mtu. Basi bibi kizee aliyefutwa katika orodha ana haki ya kuuliza sababu sawasawa na tajiri aliyenyang'anywa kiwanja. Haombi hisani.

Hiyo ndiyo sheria. Sasa tuone kinachotokea.

Kuna mama mmoja wa upande wetu, mjane, ambaye mumewe alikuwa mlinzi katika taasisi moja kwa miaka mingi, akikatwa mshahara kila mwezi kwa ajili ya mfuko. Mfuko huo siutaji, wala taasisi siitaji. Mume alipofariki, mama alifanya yote aliyoagizwa. Ukoo ulikaa kikao, muhtasari ukaandikwa, Mahakama ya Mwanzo ikamteua mwanawe mkubwa kuwa msimamizi wa mirathi, cheti cha kifo kikapatikana. Karatasi zikapelekwa. Baada ya miezi kadhaa likaja jibu kwa mdomo tu, dirishani: majina hayafanani.

Nikamwambia, “Shikamoo mama, hebu tuyatazame hayo majina.” Akaitika marahaba, akamwaga karatasi mezani. Katika kitabu chetu cha ubatizo marehemu ni Yohane. Shuleni mwalimu alimwandika John. Alipoanza kazi, karani wa kule aliandika John na jina la babu yake, kwa kuwa jina la baba lilimshinda kulitamka. Katika kitambulisho cha taifa jina la baba limo, lakini herufi mbili zimebadilishana mahali. Watu wanne kwenye karatasi, maiti mmoja kaburini.

Kosa hili mnalijua nyote, maana hakuna nyumba Unyambwa isiyokuwa nalo. Dawa yake nayo yajulikana: hati ya kiapo mbele ya hakimu au wakili, ya kuthibitisha kwamba majina yote ni ya mtu mmoja, na kuambatisha vyeti vyote. Mama alifanya hivyo. Kiapo kikapelekwa. Na hapa ndipo habari yangu inapoanza, kwa sababu tangu siku hiyo hakuna aliyemkatalia, na hakuna aliyemkubalia. Alipokwenda aliambiwa faili limepelekwa juu. Alipokwenda tena, aliyemhudumia mwanzo amehamishwa kituo. Mara ya tatu aliambiwa alete nakala za karatasi zilezile alizokwisha kuleta, maana za kwanza hazionekani. Kila safari ni nauli, na kila nauli ni kuku.

Mama akaniuliza, “Mwanangu, sasa nimkatie rufaa nani?” Hilo swali lake ndilo lililonifanya niandike.

Alikuwa na hoja ya kweli. Ukiambiwa HAPANA kwa maandishi, unalo la kushika: unampelekea mkubwa wake yule aliyesema, au unaipeleka Tume, au mahakamani. Ukinyamaziwa, huna la kushika. Ofisi itakujibu kwamba bado haijaamua, kwa hiyo hakuna uamuzi wa kulalamikia. Hivyo kimya kinafanya kazi yote ya kukataa, lakini hakibebi mzigo wake.

Msidhani haya ni ya wajane wa vijijini tu. Walikumbana nayo wanaume waliosoma, waliokuwa na vyama na mawakili. Wazee wetu wa Manyoni na Itigi, kandokando ya reli ya kati, wawakumbuka vizuri wafanyakazi wa iliyokuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki: watu wa reli, bandari, posta na ndege. Jumuiya ilivunjika mwaka 1977. Nchi tatu zilikubaliana juu ya kugawana mali na madeni mwezi Mei 1984, miaka saba baadaye, baada ya usuluhishi wa Mswisi aitwaye Victor Umbricht. Katika makubaliano hayo kila nchi ilijitwika kuwalipa watu wake. Watanzania wakangoja. Mwaka 2003 wakafungua kesi katika Mahakama Kuu, na mwaka 2005 ndipo makubaliano yalipofikiwa ili walipwe.

Hebu fanyeni hesabu. Toka 1977 mpaka 2005 ni miaka 28. Aliyekuwa fundi wa reli wa miaka 50 siku ile Jumuiya inavunjika alikuwa mzee wa miaka 78 siku ya makubaliano, kama alikuwa hai. Wengi hawakuwa hai. Waliofika dirishani ni wasimamizi wa mirathi, wakiwa na bahasha za kaki kama za huyu mama yetu, na majina yasiyofanana. Hata baada ya malipo kuanza, wengi walisema wamepunjwa, wakarudi mahakamani, na Dar es Salaam ilishuhudia wazee wenye mvi wakizuia magari barabarani. Watu wengine waliwacheka. Mimi sioni cha kucheka. Mzee hakai juu ya lami yenye jua kali kwa kupenda. Amekwisha kukaa katika mabenchi yote yaliyokuwapo.

Na walipokuwa wengi wenye sauti, mambo yalikwenda upesi. Mtakumbuka habari za kikokotoo. Mwaka 2018 mifuko ya watumishi wa umma iliunganishwa kuwa PSSSF, na kanuni mpya zikasema mstaafu apewe robo tu ya mafao yake kwa mkupuo, yaani asilimia 25, badala ya nusu waliyokuwa wakipewa watumishi wa serikali. Waalimu na vyama vya wafanyakazi wakapiga kelele. Tarehe 28 Desemba mwaka huohuo Rais John Magufuli akasimamisha kanuni hizo mpaka 2023. Julai 2022 ikaja asilimia 33 kwa wote, kelele zikaendelea, na mwaka 2024 bungeni ikatangazwa asilimia 40 kwa wale waliozoea nusu, na 35 kwa wale waliozoea robo. Sisemi kwamba hesabu hiyo ni nzuri au mbaya. Wastaafu wenyewe wanaijua. Nasema tu ya kwamba lalamiko la watu laki kadhaa wenye chama lilisikika kabla mwaka haujaisha. Lalamiko la mlinzi mmoja aliyekufa halina chama.

Sasa njooni karibu zaidi na nyumbani, kwenye mpango wa kaya maskini.

TASAF ilianzishwa mwaka 2000, na mpango wa kuzinusuru kaya maskini ulianza katika awamu ya tatu, mwaka 2012. Mnajua unavyokwenda. Kijiji chenyewe kinataja kaya zilizo duni kabisa, mkutano wa hadhara unathibitisha, kisha dodoso linajazwa nyumba kwa nyumba: paa la nini, ukuta wa nini, mnakula mara ngapi, mifugo mingapi. Majibu yale yanapelekwa na kupigiwa hesabu kwa mashine, na mashine ndiyo inayosema nani ameingia na nani ametoka. Fedha ni kidogo. Ruzuku ya msingi ilianza kwa shilingi 10,000 kwa mwezi, ikilipwa kila miezi miwili, na nyongeza kwa wenye watoto. Lakini kwa mwenye jembe moja na wajukuu watano, kidogo hicho ni daftari na sabuni na debe la mtama mwezi wa pili, wakati ghala limebaki harufu tu.

Februari 2020, akizindua kipindi cha pili cha mpango huo, Rais Magufuli alitangaza kwamba kaya hewa 73,561 zilikuwa zimeondolewa. Magazeti yaliandika hiyo namba kwa herufi kubwa, nasi sote tukasema, vema, wezi wamekamatwa. Lakini aliyeisikiliza hotuba mpaka mwisho aliusikia mgawanyo wake, na mgawanyo ndio uliokuwa na habari. Kaya 22,034 zilionekana si maskini. Kaya 18,700 zilikuwa za mtu mmoja, naye amekufa. Kaya 9,456 zilikuwa za viongozi wa vijiji na wajumbe wa kamati zenyewe. Hapo hatuna ubishi. Lakini kaya 13,468 ziliondolewa kwa kuwa zilihamia kijiji kisichokuwa katika mpango, na kaya 9,903 kwa kuwa hazikufika kupokea fedha mara mbili mfululizo.

Msomaji, tafakari hizo kaya 9,903. Nani asiyefika kupokea fedha mara mbili? Tajiri aliyeona aibu, labda. Lakini pia mgonjwa aliyelazwa. Pia kikongwe asiyeweza kutembea mpaka kituo cha malipo na ambaye mjukuu wake hakuandikwa kuwa mpokeaji wa pili. Pia mama aliyekwenda kumuuguza binti yake mbali, wilaya nyingine. Na aliyehama, je, alihama na umaskini wake au aliuacha chini ya kitanda? Ajabu ni kwamba kwa sheria za hesabu wote hao wakaitwa jina moja na mjumbe aliyejiandika mwenyewe: hewa. Sisemi waliofutwa wote walionewa. Nasema hapa ndipo rufaa inapohitajika, maana mashine haijui kwamba bibi alikuwa hospitali, na mtu pekee anayeweza kuiambia ni bibi mwenyewe.

Na njia ya kulalamika ipo. Lalamiko laanzia kwa kamati ya usimamizi ya jamii na halmashauri ya kijiji, laenda kwa mratibu wa halmashauri ya wilaya au manispaa, na juu yake makao makuu. Kwenye karatasi ni ngazi nzuri. Tatizo ni lile la kuku kupeleka kesi kwa kicheche. Kama jina langu lilirukwa na kamati, nami lazima nianzie kwa kamati, nani ataandika kwamba kamati ilikosea? Na yule mjumbe ni jirani yangu; ng'ombe wake wanapita shambani kwangu kwenda majini, mkewe alimpokea mtoto wangu wa kwanza. Mtu anaamua kunyamaza. Kisha msimamizi kutoka mjini akija na kuuliza, “Kuna malalamiko?” anajibiwa hakuna, naye anaandika hakuna, na huko juu wanafurahi kwamba mpango unakwenda salama.

Niwaambie sasa kwa nini mambo huchelewa, maana si yote ni roho mbaya. Nami ni karani, naijua meza. Barua ikiingia, kazi ya kwanza ni masijala: kuipiga mhuri, kuipa namba, kuitia katika jalada lake. Ikikosewa jalada siku hiyo, imekufa, ingawa haijachanwa. Kutoka masijala yapaswa kwenda kwa ofisa mmoja mwenye jina. Kama imeandikwa tu “kwa hatua zaidi” bila jina la mtu, itazunguka kama mbuzi asiye na mchungaji. Ofisa akihamishwa, mara nyingi hakabidhi kwa maandishi mambo aliyokuwa ameyashika katikati; mrithi wake anaanza na mapya. Kisha kuna yale mambo yanayoamuliwa na kamati au bodi, ambayo haikai kila siku. Karatasi moja ikipungua siku ya kikao, jambo lako linangoja kikao kingine. Na hakuna aliyekuandikia kukuambia imepungua karatasi gani. Utaambiwa siku utakayokwenda kuuliza, nawe huendi kwa sababu uliambiwa utaitwa.

Lakini kuna jambo moja nisiloweza kulitetea, hata kama ni mtu wa meza. Ni hesabu ya siku. Mfanyakazi akiachishwa kazi bila haki ana siku 30 tu za kupeleka shauri lake katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi; kwa madai mengine ya kazi ana siku 60. Akipita hapo, hasikilizwi mpaka aombe kuongezewa muda na kueleza sababu ya kila siku iliyopotea. Aliyeumia kazini, au warithi wa aliyefia kazini, wana miezi 12 ya kudai kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulioanza mwaka 2015. Hayo ni ya haki. Shauri halipaswi kuzeeka. Lakini ofisi ikichelewa, nani anaitaka ieleze sababu ya kila siku iliyopotea? Mwananchi akichelewa siku moja amepoteza haki yake. Ofisi ikichelewa mwaka, mwananchi ndiye aliyepoteza tena. Mizani ya namna hiyo mwenye duka akiiweka sokoni Singida, atapigiwa kelele kabla ya saa nne.

Nchi nyingine nazo hazijatakasika. Uingereza, ambako walianza zamani mambo ya bima ya wafanyakazi, wana mabaraza maalumu ya kusikiliza rufaa za watu walionyimwa msaada wa ulemavu na mengineyo. Tangu 2013 huwezi kwenda katika baraza mpaka kwanza uiombe ofisi ileile iliyokunyima ijifikirie upya. Ukipita hapo, wangoja miezi. Na walemavu wanaofika mbele ya baraza, zaidi ya nusu yao hushinda. Wengine wataona ni jambo jema kwamba baraza linawapa watu haki. Mimi naliona la upande wa pili: kama zaidi ya nusu ya wanaofika hushinda, basi uamuzi wa kwanza ulikuwa mbovu mara nyingi mno, na wako wengi waliochoka njiani ambao wangeshinda kama wangefika.

Kenya waliliweka jambo hili wazi zaidi yetu. Katiba yao ya 2010, ibara ya 47, yampa kila mtu haki ya kutendewa na ofisi za serikali upesi na kwa haki, na kupewa sababu kwa maandishi pale haki yake inapoguswa. Na mwaka 2015 wakatunga sheria ya kulisimamia hilo. Sababu kwa maandishi! Kama huyu mama yetu angekuwa nayo, tungejua tunagombana na nini.

Na ndugu zetu wa Zanzibar walichukua njia nyingine kabisa. Tangu Aprili 2016 kila mzee wa miaka 70 na zaidi hupewa pensheni jamii, awe alikuwa mvuvi, mkulima au waziri. Ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, na mwaka 2023 ikapandishwa kuwa 50,000. Wengine husema ni kupoteza fedha kuwapa hata wenye nacho. Huenda. Lakini ona faida yake kwa shauri letu: hakuna dodoso la paa wala la kuku. Swali ni moja tu, umri. Penye swali moja, makosa ni machache, na rufaa ni chache. Kila swali unaloliongeza ni mlango mwingine ambao maskini anaweza kufungiwa, na mlango mwingine wa kuajiri mtu wa kuulinda.

Sisi wenyewe tuliwahi kuwa mbele. Mwaka 1966, chini ya Mwalimu Nyerere, ilianzishwa Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, na katika Afrika nzima haikuwapo nyingine kama hiyo. Kazi yake ilikuwa kusikiliza mwananchi anayesema ameonewa na mwenye cheo, na makamishna wake walisafiri wilayani wakawasikiliza watu kwa Kiswahili, bila ada na bila wakili. Mwaka 2001 nafasi yake ilichukuliwa na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ambayo ipo mpaka leo, nayo hupokea malalamiko bila malipo. Watu wangapi hapa Unyambwa wamewahi kuiandikia? Nauliza tu. Zaidi ya hayo, tangu sheria ya msaada wa kisheria ya 2017, wasaidizi wa kisheria wanatambuliwa rasmi; si mawakili, lakini wanajua barua iende wapi, na hawaruhusiwi kumtoza maskini.

Wazee kadhaa waliponiuliza wafanyeje, niliwaambia hivi. Usipeleke karatasi halisi ila ukitakiwa kuzionyesha. Peleka nakala, ile halisi irudi sandukuni. Ukipeleka barua, peleka mbili, ya pili wakupigie mhuri wa kupokea na tarehe, urudi nayo. Mpokeaji akisema hana mhuri, muombe aandike jina lake na tarehe kwa kalamu, kwa heshima, bila ugomvi. Nunua daftari la shilingi chache, uandike kila safari: siku gani, nilimwona nani, alisema nini. Mnacheka, lakini nimeona mambo yaliyolala yakiamka mbele ya daftari la namna hiyo, kwa sababu karani anaijua sauti ya karani mwenzake. Jina likitofautiana, rekebisha leo mwenye jina akiwa hai. Yohane aliye hai aweza kujiapia mwenyewe. Akifa, wataapa watu kumi na bado watatiliwa shaka. Vitabu vyetu vya ubatizo vipo, na cheti cha ubatizo husaidia kuthibitisha umri na jina unapotafuta cheti cha kuzaliwa ukubwani.

Na jambo la kamati ya kijiji: msiende mmojammoja gizani. Mkutano wa hadhara una haki ya kuuliza orodha isomwe kwa sauti, waliomo na waliotolewa, pamoja na sababu. Kuuliza orodha si kumtukana mjumbe. Mjumbe mwaminifu atashukuru, maana yeye ndiye anayesingiziwa sokoni.

Juu ya kimya, dawa ninayoijua ni kuiomba ofisi iseme neno. Usiandike tena ukiomba kulipwa, ulikwisha kuomba. Andika ukiomba uamuzi. Mama yule tumemwandikia barua ya namna hii, nanyi mwaweza kuiiga na kuweka mambo yenu:

“Kwa Mkuu wa Ofisi. Mimi ni mjane wa marehemu fulani, mwanachama namba kadha. Maombi ya mafao yalipokelewa kwenu tarehe fulani, na hati ya kiapo kuhusu majina tarehe fulani. Nakala zenye mhuri wenu nimeziambatisha. Mpaka leo sijapata jibu la maandishi. Naomba nijulishwe kwa maandishi: kama maombi yamekubaliwa, malipo yatafanyika lini, kama yamekataliwa, kwa sababu gani, na rufaa yangu niipeleke kwa nani na ndani ya siku ngapi, na kama kuna karatasi inayopungua, ni ipi. Nakala ya barua hii naipeleka kwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Wenu mtiifu.” Chini yake jina kamili kama lilivyo katika kitambulisho, namba ya simu ya mtu anayepokea simu, na tarehe.

Barua ilipelekwa na mwanawe Jumatatu iliyopita, nakala imerudi na mhuri. Ofisi ya parokia iko wazi Jumanne na Alhamisi asubuhi kwa wanaotaka kuandikiwa ya namna hiyo. Njooni na tarehe zenu, na anayejua kusoma aje na anayejua kukumbuka.